Kozi ya fundi sola daraja la T2, Mombasa: lipia kwa sababu ya chumba cha nyuma

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kozi hii inastahili pesa yake, na kilichoifanya istahili ni chumba kimoja kidogo nyuma ya karakana ambacho kimejaa mitambo ya sola iliyokufa. Betri zilizovimba, inverta (za kugeuza stima ya betri iwe kama ya nyumba) zinazonuka moshi mpaka leo, kontrola (za kusimamia chaji ya betri) zilizoingiwa na sisimizi, paneli zilizopasuka kioo. Humo ndimo nilimojifunzia kazi. Mengine yaliyofundishwa nayo yana faida zake na nitayataja, lakini chuo kikikifunga chumba kile nitawaambia wenzangu wasiende.

Jina la chuo siliandiki, maana nina malalamiko pia, na hapa pwani wanaofundisha sola sasa wamekuwa wengi. Ninachotaka ni mtu anayetafuta pa kusoma ajue aulize nini kabla hajatoa pesa.

Mimi ni fundi wa stima za nyumba. Kazi zangu ni Mtwapa, Kikambala, mpaka Kilifi mjini, na siku hizi ni nadra nimalize kazi kwa mteja bila kuulizwa habari ya sola. Wenye stima wanataka kitu cha kuwasha taa na friji inapokatika. Walio ndani huko Ganze na Magarini, ambako nguzo hazijafika, wanataka stima yenyewe. Na wengi katika hao wa ndani walishanunua kitu zamani, kikawaka mwaka mmoja au miwili, kisha kikazima, na sasa kiko juu ya paa kinakusanya vumbi. Wananiita niangalie, nami nilikuwa nawaambia wamtafute fundi wa sola. Hawakuwa wakimpata.

Kozi ni ya wiki mbili, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Ada ilikuwa Sh. 35,000, chai na chakula cha mchana ndani yake. Malazi unajitafutia. Wenzangu wengine walitoka mbali: vijana wa Kwale na Taveta, mama mmoja wa Lamu mwenye duka la vifaa vya umeme, na sista wa Kikatoliki kutoka Tana River ambaye misheni yao ina sola ya pampu na ya zahanati, na hakuna anayejua kuigusa.

Kwa asiyejua, hapa Kenya kufunga sola kwa malipo kunahitaji leseni. Kanuni za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi katika madaraja matatu. T1 ni mifumo midogo ya DC (stima isiyogeuza mwelekeo, kama ya betri) yenye betri moja, hadi wati 100 za paneli. T2 ni mifumo ya kati, betri zaidi ya moja na inverta ikiwemo, hadi wati 300. T3 ndiyo ya juu, pamoja na mifumo inayoungana na gridi, yaani stima ya nguzo, na ile ya mseto. Anayetoa leseni ni EPRA, mamlaka ya kawi na petroli iliyochukua nafasi ya ERC kwa Sheria ya Kawi ya 2019. Chuo kinakupa cheti, na leseni unaiomba mwenyewe.

Hapo ndipo penye lalamiko langu la kwanza, na ni kubwa. Tangazo la chuo liliandikwa kwa namna ambayo mtu angedhani anarudi nyumbani na leseni mkononi. Kijana mmoja wa Kwale aliuza mbuzi wa babake kulipa ada, akidhani kwamba wiki ya tatu yuko juu ya mapaa ya watu akifanya kazi halali. Aliambiwa ukweli karibu na mwisho wa kozi, tena baada ya kuuliza. Jambo kama hilo lisemwe siku ya usajili, kwa maandishi, pamoja na orodha ya karatasi ambazo EPRA inataka. Mtu aliyeuza mbuzi ana haki ya kujua ananunua nini.

Na kuna jingine kuhusu daraja lenyewe, ambalo si kosa la chuo. Paneli zinazouzwa sasa madukani Mombasa ni kubwa. Paneli moja ya wati 450 au 550 ni kitu cha kawaida, na bei yake kwa kila wati ni nafuu kuliko zile ndogo. Maana yake ni kwamba paneli moja tu ya siku hizi inampita fundi wa T2 kwa mpaka ule wa wati 300. Mwalimu wetu alilisema hilo wazi: someni T2 mpate msingi, lakini msikae hapo. Nakubaliana naye. Ukiwa na uwezo wa kwenda hadi T3, panga kwenda.

Wiki ya kwanza ilikuwa darasani zaidi. Volti, ampea na wati nilikuwa nazijua, kwa hiyo siku za mwanzo zilinichosha kidogo, ingawa niliona kwa yule mama wa Lamu zilikuwa za lazima. Picha za miradi mikubwa zilipendeza: Garissa na megawati zake 50, mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana. Tulizitazama, tukastaajabu, tukaendelea. Kazi ya mtu wa T2 iko kwenye mabati ya nyumba ya mtu.

Kilichokaa vizuri katika wiki hiyo ni hesabu ya mzigo, yaani kuanza na anachotumia mteja kabla ya kutaja paneli wala betri. Taa tano za wati 7 kwa saa tano ni wati-saa 175. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Simu za nyumba nzima, weka 30. Jumla ni 365 kwa siku. Ongeza kinachopotea njiani kwenye waya, kontrola na betri, unafika karibu 490. Jua letu la pwani ukilihesabu saa tano nzuri kwa siku, paneli ya wati 100 inatosha. Betri nayo: 365 gawa kwa volti 12 ni kama ampea-saa 30. Mteja anataka siku mbili za mawingu, basi 60, na kwa kuwa betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, unanunua ya 120. Mwalimu alitufanyisha hesabu hii kwa nyumba zetu wenyewe, si kwa nyumba ya kwenye karatasi. Yule kijana wa Kwale alipomaliza ya kwao aligundua kwamba betri waliyouziwa ni ya ampea-saa 50, na ya gari. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe betri yetu haikufa. Iliuawa."

Sasa nieleze jinsi mwalimu huyu anavyofundisha, maana ndiye nusu ya thamani ya kozi. Ni mzee wa Kitaita, mpole, ambaye ameshika kazi hii tangu enzi ambazo paneli ya wati 40 ilikuwa mali ya mtu anayejiweza. Haamini maneno. Alipotaka kutueleza habari ya unene wa waya, alileta betri iliyojaa, balbu mbili za taa za mbele za gari, na waya wa milimita 1.5, ule ule ambao mimi hutumia kwa taa za nyumba. Akautandaza mita kumi kwenda na mita kumi kurudi, akawasha. Akanipa mita ya kupimia stima. "Binti, wewe ni fundi wa stima. Pima kwenye betri." Nikapima: 12.4. "Pima penye taa." 10.4. Volti mbili nzima zimepotelea njiani, na taa zinawaka kwa rangi ya chungwa. Kisha akabadilisha, akaweka waya wa milimita 6, urefu ule ule. Penye taa nikasoma 11.9, na mwanga ukabadilika mbele ya macho yetu. Hakuandika kanuni ubaoni mpaka kila mmoja alipopima kwa mkono wake. Katika stima ya volti 240 kupoteza volti mbili hakumsumbui mtu. Katika volti 12 umempora mteja sehemu ya sita ya kila alichonunua.

Jambo jingine lililonigusa kama fundi wa stima ni cheche ya DC. Aliunganisha paneli tatu mfululizo, mzigo ukiwa umewashwa, akavaa glavu na miwani, akatenganisha ncha mbili za waya polepole. Moto mdogo wa buluu ukasimama kati ya ncha hizo na haukukatika mpaka alipozisogeza mbali. Stima ya kawaida ya nyumba, kwa kuwa ni AC (stima inayogeuza mwelekeo) ya hezi 50, inapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na ndipo breka hupata nafasi ya kuikata. DC haipiti sifuri. Ndiyo sababu breka ya AC ukiifunga kwenye upande wa paneli inaweza kuungua badala ya kukukinga, na ndiyo sababu soketi za MC4, zile za kuunganishia waya za paneli, hazichomolewi wakati mfumo unafanya kazi. Nimeona breka za AC kwenye sola za watu wengi huku Mtwapa. Kila fundi wa stima anayedhani sola ni stima tu yenye paneli angeonyeshwa cheche ile.

Haya, chumba cha nyuma.

Kila mchana wa wiki ya pili tuligawanywa vikundi, kila kikundi kikachukua kifaa kimoja kilichokufa na kupewa mita, bisibisi na saa moja. Swali lilikuwa moja tu kila mara: kimekufa kwa nini, na kinaweza kufufuka? Mwalimu amekuwa akivikusanya vifaa hivi kwa miaka mingi kutoka kwa wateja, na vingi vina hadithi yake ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya rangi juu ya kipande cha plasta: kimetoka wapi, kilifungwa lini, mwenyewe alisema nini kilipoanza kusumbua.

Kikundi chetu kilianza na paneli iliyotoka Malindi. Kwa macho haina kasoro, kioo kizima, fremu imeliwa kidogo na chumvi. Lebo inasema volti 21 na kitu bila mzigo. Tukaitoa juani, tukapima, tukapata 11. Tukapima tena. 11. Mmoja wetu akasema paneli imechoka, itupwe. Mwalimu akauliza, "Imechoka nusu kamili?" Hapo tukaanza kufikiri. Tukafungua kisanduku cha nyuma, tukakuta diodi mbili. Paneli ya seli 36 ina safu mbili za seli 18, na kila safu ina diodi yake ya kupitisha umeme pembeni kivuli kikiingia. Diodi moja ilikuwa imeungua na kujishikisha, kwa hiyo nusu ya paneli ilikuwa inarukwa kabisa. Tulikata diodi ile mbovu kwa koleo, tukatoka tena juani, mita ikaruka hadi 21. Sista wa Tana River akapiga makofi. Diodi mpya inanunuliwa kwa bei isiyofika shilingi mia. Mwenye paneli alikuwa ameshanunua nyingine.

Betri ndizo zilizokuwa nyingi kuliko vyote. Tulijifunza kwamba betri ya volti 12 ni seli sita, kila moja volti mbili na kitu, na kwamba ukiichaji usiku kucha kisha ikakaa kwenye 10.5, usilaumu chaja: seli moja imekufa. Tulishika haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri, tukavuta maji ya kila seli, tukaandika. Seli tano zinasoma 1.250 na zaidi, moja inasoma 1.120. Ukishaiona namba hiyo kwa macho yako huhitaji mtu wa kukushawishi. Nyingine zilikuwa zimekauka maji mpaka sahani ziko wazi, na mwalimu akatuonyesha ile nyeupe iliyoganda juu ya sahani, inayotokea betri ikikaa muda mrefu bila kujazwa chaji. Alikuwa mkali kidogo hapo. Alisema nyingi ya betri zile zingeishi kama mtu angemwambia mwenye nyumba aongeze maji ya betri kila baada ya muda, na maji ya mfereji asiguse.

Halafu kulikuwa na paneli ya udanganyifu. Lebo safi, wati 100. Tuliipima ampea zake saa sita mchana kwa kuishikisha kupitia mita, na paneli ya wati 100 ya aina hiyo inatakiwa itoe kama 6. Ilitoa 3. Ni paneli ya wati hamsini na kitu iliyobandikwa karatasi ya mia. Mama wa Lamu aliomba airudie yeye mwenyewe kupima, akaandika hatua zote kwenye daftari lake. "Mimi nauza hizi," alisema. "Kuanzia leo nikienda kununua mzigo Mombasa, nabeba mita." Nilimwamini.

Kontrola moja ilikuwa na mjusi ndani, amekauka, amelala juu ya ncha mbili za shaba. Inverta moja ilikuwa imefungwa jikoni juu ya jiko la kuni. Paneli moja ilikuwa imelazwa juu ya mabati bila nafasi yoyote chini yake, plastiki ya nyuma imebabuka, na hapo mwalimu alitufundisha kwamba paneli hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya 25. Ikifika 65, jambo rahisi juu ya bati la pwani mchana, asilimia 16 zimekwenda. Acha nafasi ya kiganja kizima upepo upite. Na inamisha nyuzi kumi au kumi na tano kuelekea kaskazini, maana sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, na mvua ipate kuisafisha.

Mzee alitueleza siku moja wakati wa chai kwamba mafunzo ya sola nchini hayakuanzia vyuoni. Yalianzia Meru katikati ya miaka ya 1980, ambako Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, walifunga sola katika shule ya Karamugi Harambee na kuwafundisha mafundi wa hapo hapo kwa kufunga mifumo halisi katika shule halisi. Waliosoma wakaondoka na mikono iliyoshika waya wa mteja. Nadhani ndiyo sababu yeye mwenyewe hawezi kufundisha kwa slaidi.

Sasa malalamiko mengine.

Betri za lithiamu zilifundishwa kwa slaidi tu, kwa alasiri moja. Hilo halikubaliki tena. Wateja wangu wenye pesa hawaulizi betri ya asidi, wanauliza lithiamu, na tabia zake ni tofauti kabisa. Ya asidi ukiipima imetulia, 12.7 imejaa, 12.1 iko kama nusu. Ya lithiamu inakaa karibu na 13.2 kwa muda mrefu, iwe nusu au zaidi, na mita peke yake haikuambii kitu. Ina saketi yake ya ulinzi ndani inayoweza kuizima yote ghafla. Kontrola inatakiwa ibadilishwe mpangilio. Haya nimeyajua kwa kusikia. Sikuishika hata moja katika kozi niliyoilipia, na chumba cha nyuma hakina hata moja. Chuo kinunue, au kiombe kwa wauzaji zilizoharibika.

Usalama wa kupanda juu ulikuwa dhaifu. Mshipi wa usalama ulikuwa mmoja kwa darasa zima, tena wa mtu mkubwa. Mimi na sista ulikuwa unatuvuka mabegani. Tulipanda paa la karakana kwa zamu huku wengine wakishika ngazi. Fundi wa sola hafi kwa umeme mara nyingi kama anavyoweza kufa kwa kuanguka, na kozi inayomtuma mtu juu ya mabati ingempa siku nzima ya kupanda, kujifunga na kushuka. Hapa sitamung'unya maneno: chuo kinachotoza ada hii kinaweza kununua mishipi ya saizi tofauti.

Mita zilikuwa chache. Wiki ya kwanza niliwaazima wenzangu ya kwangu. Ukienda, beba yako, yenye uwezo wa kupima DC hadi ampea 10.

Na makaratasi. Maelezo yote ya kusoma yalikuwa ya Kiingereza kizito, yamenakiliwa mpaka michoro haisomeki, wakati mwalimu anafundisha kwa Kiswahili na darasa zima linaelewana kwa Kiswahili. Vijana wawili waliokuwa wa kwanza kugundua kasoro chumbani walikuwa wa mwisho kwenye mtihani wa kuandika. Niliwaona wakitafuta diodi kwa dakika chache, kisha nikawaona wakihangaika na swali la mstari mmoja. Mtihani wa vitendo ulikuwa wa haki. Wa kuandika ulipima kitu kingine.

Nilipopata leseni yangu, kazi ya kwanza ya maana ilikuwa madrasa moja ndani ya Magarini. Paneli mbili za wati 100, betri mbili, taa za vyumba viwili na baraza. Ustadhi alinieleza kwamba taa zinazima hata kabla ya isha, na mafundi waliopita walimwambia anunue betri mpya, pesa ambayo madrasa haina. Nilifika asubuhi kusudi nione mfumo ukichaji. Betri zilisoma 12.0. Seli zake zilikuwa zimepungua maji lakini zote zinalingana, hakuna iliyokufa. Paneli bila mzigo zilisoma vizuri. Ampea zilizokuwa zinaingia ndizo zilikuwa kiduchu, saa nne asubuhi, jua kali. Nikapanda. Kivuli cha mkorosho kilikuwa kimelala upande mmoja wa paneli zote mbili, na kivuli juu ya seli chache tu kinatosha kuivuta safu nzima chini.

"Ustadhi, huu mkorosho ni wa lini?"

Akafikiri. "Tuliupanda mwaka ule ule tuliofungiwa sola, dada. Ulikuwa mche."

Tulizihamishia paneli upande wa pili wa paa, wanafunzi wakubwa wakinisaidia kushika. Nikasafisha vichwa vya betri kwa maji moto na bekingi soda, nikapaka mafuta ya mgando, nikaongeza maji ya betri, nikabadilisha kipande cha waya mwembamba kilichokuwa kati ya kontrola na betri. Gharama ya vifaa haikufika hata robo ya betri moja. Baada ya siku kadhaa za jua Ustadhi alinipigia kwamba darsa ya usiku imerudi, na taa zinaendelea mpaka watoto wamelala. Mkorosho hatukuukata, unazaa vizuri.

Kazi za namna hii zimejaa kaunti yetu yote, na zitaongezeka. Mradi wa KOSAP wa kupeleka sola nje ya gridi, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulilenga kaunti 14, na tano ni za kwetu: Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta. Vifaa vinaingia. Baada ya miaka michache vitaanza kusumbua, na atakayehitajika ni mtu wa kuja na mita na kujua pa kuiweka. Wenzetu wa Unguja wamelielewa hili mapema: kule kituo cha Barefoot College kinawafundisha akina mama wa vijijini kufunga sola na kuitengeneza, hata wasiosoma sana. Sehemu ya kutengeneza ndiyo ningependa kila kozi ya bara iichukue kwa uzito huo.

Kwa hiyo, nani aende? Fundi wa stima aende bila kusita, hata kama siku za mwanzo zitakuwa za kurudia anayoyajua. Mwenye duka la vifaa aende, kwa ajili ya ile paneli ya lebo ya uongo peke yake. Msimamizi wa shule, zahanati au misheni yenye sola aende au amtume mtu. Anayeanza kabisa, hajawahi kushika mita, atafaidika lakini wiki mbili zitamwacha na pengo. Ajitafutie fundi wa kumfuata miezi kadhaa baadaye. Na anayetaka kufunga mifumo mikubwa yenye lithiamu asubiri, au aulizie kozi ya T3 mahali ambapo betri hizo zipo mezani.

Kabla hujalipa popote, fika mwenyewe siku ya masomo, si ofisini bali karakana. Uliza mita ni ngapi na wanafunzi ni wangapi. Uliza mishipi ya usalama iko wapi uione. Uliza leseni na cheti vinahusianaje, na uandikiwe jibu. Kisha uliza wanavyo vifaa vibovu vya kufunguliwa na nani hufundisha hapo. Wakikuonyesha vipya tu vinavyong'aa, weka pesa yako mfukoni uendelee kutafuta. Chuo nilichosoma mimi, ukimkuta yule mzee wa Kitaita bado yuko, lipa.